Hodi Kwanza kwa Paluku

Ukiingia katika nyumba ya Wanande wa Kivu, humsalimii mdogo kabla ya mkubwa. Hata kama mdogo ndiye aliyekufungulia mlango, hata kama ndiye uliyemfuata, unapita kwanza kwa mkubwa, unampa mkono, unamuuliza habari za njia na za mvua. Ndipo unateremka kwa wengine, mmoja mmoja, mpaka kwa kitoto kinachotambaa mkekani. Benita alikulia katika adabu hiyo kule Goma, na alipopewa kazi ya kuiandikia kampuni ya Maison Kisima programu ya mizigo, aliiandika kwa adabu hiyo hiyo.

Maison Kisima ilikuwa mali ya ndugu wawili. Paluku, kifungua mimba, alikaa Goma, pale pale baba yao alipofungua duka la kwanza. Clément, ambaye nyumbani aliitwa Kambale kwa kuwa wa pili, alikuwa ametumwa Lubumbashi zamani kusimamia depo ya jumla na malori yanayopita mpaka wa Zambia. Benita mwenyewe aliajiriwa na Paluku. Ni Paluku aliyemwambia, Benita alipomaliza chuo kikuu cha Lubumbashi, "Baki huko, mutoto yangu, umusaidie ndugu yangu. Yeye bado anaandika mizigo mukichwa."

Basi Benita akapanga kila kitu kwa ngazi. Kulikuwa na jedwali la nyumba, yaani Goma na Lubumbashi. Chini yake jedwali la watu, kisha la malori, kisha la safari, na chini kabisa jedwali la vifurushi. Kila jedwali lilishika lililo juu yake kama mtoto anavyoshika kitenge cha mama sokoni. Ukitaka kujua gunia moja liko wapi, programu haikulirukia gunia. Ilianza juu, ikapiga hodi kwa nyumba, nyumba ikaitika, ikateremka kwa watu wake, kwa malori yao, kwa safari, mpaka kwenye gunia. Benita aliuchora mpango huo ukutani kwa kalamu nyekundu, mti uliogeuzwa, mzizi ukiwa juu na majani chini. Alikuwa akiutazama mara nyingi. Aliona kuwa ni kitu kizuri, kwamba hata mashine inaweza kufundishwa heshima.

Mwishoni mwa Januari, Goma ikaanguka mikononi mwa waasi.

Habari zilifika vipande vipande. Uwanja wa ndege umefungwa. Benki zimefungwa. Watu wamelala makanisani, wengine wamevuka kwenda Gisenyi upande wa Rwanda, wengine hawajulikani. Kisha hata vipande vikakoma, maana simu hazikushika tena. Asubuhi ile Clément alipanda ngazi za depo, jambo ambalo hakulifanya kwa kawaida, akasimama mlangoni pa ofisi bila kuingia.

"Benita, funga Goma mule mwa machine. Bantu basitume tena bitu kule. Itapotea yote."

Benita akafungua jedwali la nyumba. Kwenye mstari wa Goma palikuwa na neno *wazi*. Akalifuta, akaandika *imefungwa*, akabonyeza kitufe. Ilikuwa kazi ndogo sana.

Wenzake wa ofisini, wote watu wa Kivu, wakatawanyika. Mmoja alikwenda Kampala kuwatafuta watoto. Wengine walishinda kanisani kwenye maombi ya kufunga. Benita alibaki peke yake ghorofani na sauti ya wapakizi chini, na mvua juu ya mabati. Mchana alimpigia mama yake, Perpétue, ambaye alikuwa muuza jibini katika soko la Virunga kule Goma. Jioni alimpigia tena. Sauti ile ile ya mwanamke asiyechoka ilimwambia kwa Kifaransa kuwa namba haipatikani.

Alipanga chumba katika Kenya, ule mtaa wa Lubumbashi wa mafundi na makanisa, uani kwa Mama Ngosa. Huko cherehani zilikuwa zikicheka, wacheza karata wakigombana, na vijana wa pikipiki wakipiga honi, kama kwamba nchi haikupasuka upande mmoja.

"Bale ba kwenu banasema nini?" Mama Ngosa aliuliza kila jioni, akisonga bukari, ule ugali wao.

"Bado, Mama."

"Mungu eko. Lete sahani."

Alikuwa mwema, Mama Ngosa. Lakini alisema "kwenu" kama mtu anavyotaja nchi ya mbali, na Benita alikula akitazama chini. Hata lugha ilimtenga. Miaka yote ile alikuwa amejifunza kusema kama watu wa Lubumbashi, na sasa hakuwa na mtu hata mmoja wa kusema naye kama anavyosema mama yake. Mwezi ulipoanza, lile salio la simu ambalo kampuni humtumia kila mfanyakazi halikumfikia. Hakuuliza. Alijiambia kuwa msibani mtu hadai mchuzi.

Ndipo siku moja, mvua imekatika kidogo, simu ya ofisi ikalia. Ilikuwa namba ya Zambia.

"Allô? Ni kwa Maison Kisima?"

"Ndiyo. Benita anasema."

"Benita mugani? Benita wa Mama Perpétue wa jibini?"

Benita akasimama bila kujua amesimama. Sauti ilikuwa ya Goma. Ilikuwa na ule mwendo wa kwao, wa kuvuta mwisho wa neno kana kwamba unamngoja mwenzako.

"Ni mimi. Wewe ni nani?"

"Aksanti Mungu! Ni Anaclet, chauffeur ya lori. Niko Kasumbalesa, ku mupaka, huku upande ya Zambia. Niko nalala hapa kama mbuzi yenye kupotea." Akakohoa, akacheka, akakohoa tena. "Nina swali moja, kadada. Mimi nilikufaka, na hamukuniambia?"

"Papa Anaclet! Kwa nini unasema hivyo?"

"Juu kila mutu anasema hanijue. Déclarant, ule wakala ya forodha, anapiga kwenu, banamujibu ku depo kama camion hii haiko yao, hata jina yangu haiko. Nilitoka Goma mbele mambo iharibike. Nikazunguka Rwanda, Tanzania, nikashuka na Zambia yote na maharagwe ya patron. Sasa nimefika ku mulango ya nyumba, banasema hatukujue!"

"Subiri, Papa. Ninaangalia."

"Angalia mbio. Kesho mangaribi, kama hakuna mwenye kujibu, banasukuma camion ku parking ya forodha. Mule kuingia ni saa moja, kutoka ni Pasaka. Na kifua inanisumbua." Kisha akasema kwa upole, "Tena niko na kifurushi yako. Mama yako alinipatiaka siku ile ya kutoka. Jibini mbili. Iko mu cabine na mimi. Naichunga na panya kuliko nachunga mizigo ya patron."

Benita akakaa. Kifurushi. Mama yake alikifunga kwa mikono yake, kwa siku moja ya kawaida, kabla ya yote. Akaandika jina la Anaclet kwenye programu. Jibu likaja: *hakuna*. Akaandika namba ya lori. *Hakuna.* Akaandika: jibini, mpokeaji Benita. *Hakuna.*

Aligeuka akautazama mti ukutani, akalifuata kwa kidole tawi la Goma.

Hakuna kilichofutwa. Anaclet alikuwapo katika jedwali la watu, lori lake lilikuwapo katika jedwali la malori, na jibini ilikuwapo chini kabisa, imekaa mahali pake. Lakini dereva huyu, kama wengi, aliandikwa na Goma, na programu haikujua njia nyingine ya kumfikia. Ilikwenda kwa Paluku, ikakuta mlango umefungwa, ikageuka na kuondoka, bila kuuliza kama ndani kuna watoto. Malori ya Lubumbashi yalionekana kama kawaida, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Kisha wazo likamjia, akaandika jina lake mwenyewe, polepole, herufi kwa herufi.

*Hakuna.*

Alikaa akiitazama ile *hakuna* mpaka kioo cha kompyuta kikajizima.

Chini, Clément alikuwa ameketi kati ya magunia ya sukari, simu mbili mbele yake kwenye meza ndogo, zote zimelala uso juu. Hakuwa akifanya lolote. Benita alimwamkia, akamweleza kila kitu, na Clément akasikiliza huku akizitazama simu.

"Sasa," alisema Benita, "njia fupi ni hii. Tuwahamishe watu wote wa Goma, tuwaweke chini ya Lubumbashi. Chini yako, Papa Clément. Ni kazi ya dakika chache, na Anaclet anapita leo."

Clément akainua uso.

"Chini ya nani?"

"Chini yako."

"Mimi njo nani, Benita? Jina yangu ya nyumbani ni nini?"

"Kambale."

"Kambale. Wa pili. Kambale anakaliaka kiti ya Paluku siku gani?" Hakungoja jibu. "Siku bantu banatoka ku makaburi. Unataka nimuzike ndugu yangu kwa machine?"

"Hapana, Papa."

"Mi najua Goma imefungwa. Lakini kaka yangu hakufungwa! Ukibatoa batoto yake yote mu mikono yake, ukiniwekea miye, akirudia atakuta nini? Atakuta nilimukula mzima."

Wapakizi waliokuwa karibu wakajifanya wanahesabu magunia. Benita aliinamisha kichwa. Alikuwa kijana, na aliamini kuwa neno la kweli likisemwa vizuri hufungua mlango wowote. Sasa alikuwa na neno la kweli mkononi, na mlango haufunguki.

Clément akapoza sauti. "Fanya hivi. Anaclet peke yake. Muhamishe kimya kimya, leo tu. Apite. Bale bengine tutaona."

Hapo Benita akajaribiwa, na jaribu lilikuwa tamu. Anaclet peke yake alikuwa na lori, na ndani ya lori mlikuwa na kile kifurushi. Kesho angekishika. Alikwisha kufungua mdomo aseme ndiyo.

"Na Nono?" alisema badala yake, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza.

"Nono gani?"

"Yule anayesubiri behewa la mizigo stesheni ya Sakania. Yeye pia ni wa Goma. Na wale walio njiani Tanzania. Anaclet ametupigia kwa sababu anamjua mama yangu, Papa. Wengine hawamjui mama ya mtu yeyote hapa. Wamekaa mahali wakisema kampuni imetusahau." Akameza mate. "Na mimi pia simo. Nimejitafuta, sikujiona."

Clément alimtazama kwa muda, kama mtu anayehesabu mara ya mwisho alipomwona mwenzake akila.

"Weye pia?"

"Mimi ni wa Paluku."

Mvua ikaanza tena. Clément akasogeza simu zake mbali na tone lililokuwa likidondoka kutoka kwenye bati.

Benita akachuchumaa mbele yake, kama anavyofanya binti akiongea na baba mdogo. "Papa, nikuulize kitu cha nyumbani. Umefika kwa mkubwa, umepiga hodi, hajibu. Unafanya nini?"

"Napiga tena."

"Na asipojibu tena?"

"Nangojea. Labda eko mu shamba."

"Na ukisikia mtoto analia ndani?"

Clément akakunja uso. "Hiyo ni swali ya nini? Nazunguka nyuma, na ku jikoni, naingia. Naangalia mutoto. Sitamuacha mutoto analia juu mubaba hajaitika!"

"Na ukiingia kwa jikoni, umekuwa mwenye nyumba?"

"Nakuwa mwenye nyumba namna gani? Mi ni mugeni tu mwenye..." Akakoma. Aliona swali lilikokuwa likielekea, na kwa mara ya kwanza tangu Januari kona ya mdomo wake ikasogea. "Benita, weye ni mutoto wa Perpétue kweli. Yule mama aliniuzishaka jibini kwa maswali hivi hivi."

"Niache nifundishe programu kupita jikoni."

"Na jina ya kaka?"

"Inabaki juu, pale pale."

Clément akaitikia kwa kichwa.

Mistari yenyewe ya programu ilikuwa michache. Ile ya zamani ilisema: kama nyumba imefungwa, acha, nenda kwa inayofuata. Benita aliiondoa. Akaandika nyingine: piga hodi; isipoitika, andika kuwa haijaitika, kisha teremka kwa watu wake hata hivyo. Akatenganisha vitu viwili alivyovichanganya siku ile ya kwanza. Goma isipokee mizigo mipya, hilo libaki. Lakini walio wake waendelee kuonekana. Alikuwa katikati ya kazi umeme ulipokatika, akashuka kumwomba fundi wa jenereta awashe, na jenereta ikakohoa kama Anaclet kabla ya kukubali.

Alipobonyeza, Clément alikuwa amepanda na kusimama nyuma ya kiti chake, mikono mgongoni.

Majina yakateremka. Anaclet, lori lake, maharagwe yake. Nono wa Sakania. Madereva ambao Benita hakuwa amewafikiria hata siku moja tangu mji uanguke, na aibu ikampanda usoni kwa kila mmoja. Mahali fulani katikati, jina lake, Benita, halina lori, halina safari. Na chini ya safari ya Anaclet, baada ya magunia yote, *jibini, mtumaji Perpétue*.

Clément hakuwa akitazama huko. Alikuwa akitazama mstari wa kwanza kabisa.

*Goma. Paluku. Haijaitika.*

Akanyoosha kidole, akakaribia kukigusa kioo, akakirudisha.

"Haisemi kama kaka haiko."

"Hapana, Papa. Inasema haijaitika."

"Na kesho?"

"Kesho asubuhi itapiga hodi tena. Kila siku inaanza kwake."

Clément akapenga kamasi kwa kitambaa, akasema mvua hii imemletea mafua. Kisha akachukua simu, akampigia wakala wa Kasumbalesa, na Benita akamsikia akinguruma ngazi nzima akishuka: "Namna gani hamumujue? Ni chauffeur ya kaka yangu! Andika namba!"

Lori lilifika kesho yake mchana, matope mpaka kwenye vioo. Kwa desturi ya depo, dereva hupanda kumsalimia patron kwanza. Safari hii Clément alitoka mwenyewe mvuani, bila mwavuli, akamngoja Anaclet ashuke kwenye kabini, akampa mikono yote miwili. Anaclet, mtu mfupi mwenye mvi na koti la baridi, alishangaa hata akasahau kuvua kofia.

"Patron, unanipokea kama bibi arusi."

"Nyamaza. Unakohoa. Mutu amupeleke ku dispensaire."

"Nitaenda kiisha kula. Kwanza kadada." Akageuka, akamwona Benita chini ya bati. "Ah, ni weye. Uso ni ya mama yako, hata haiko ya kuuliza." Akaingia tena kabini, akatoka na furushi lililofungwa kwa kipande cha kitenge cha kijani, kitenge ambacho zamani kilikuwa pazia la jikoni kwao.

Benita hakulia. Alilishika kwa mikono miwili tu, na harufu ikampanda, chumvi na moshi na majani ya malisho ya Masisi.

Walikaa juu ya magunia. Anaclet akakata jibini moja kwa kisu chake cha njiani. Ilikuwa imetoa jasho kwa joto la Tanzania na kupasuka pembeni. Clément alikula kipande chake amefumba macho.

"Ba kwenu banasema nini?" Anaclet akamuuliza Benita, kwa sauti ya chini.

Lilikuwa swali lile lile la kila jioni. Lakini lilitamkwa kwa mwendo wa kwao, na ghafla Benita akaweza kulijibu bila kutazama chini.

"Bado."

"Bangu pia bado." Anaclet akatafuna. "Bibi, na batoto bote. Nilikuwa nabapigia kule ku mupaka mpaka simu ikachoka."

Jenereta ilinguruma, mvua ikapita juu ya bati kuelekea Kenya.

Jioni Benita alimpelekea Mama Ngosa kipande. Mama Ngosa akakigeuza, akakinusa, akakigonga kwa ukucha.

"Hii ni sabuni ya namna gani?"

"Ni chakula, Mama. Ni ya mama yangu."

Mama Ngosa akaonja kwa ncha ya jino, akatulia, akaonja tena. Akavuta kiti cha pili karibu na mbabula, jiko lake la makaa. "Kaa hapa. Mama yako anaitwaka nani?"

Hakuwa amewahi kuuliza. Benita akakaa.

"Perpétue," alisema, na akaanza kumsimulia.

Jibini ya pili hakuikata. Aliirudisha ndani ya kitenge cha kijani, akaiweka juu ya kabati, upande wa dirisha. Anaclet, alipokuja siku moja kuaga, kifua kimepona, aliiona.

"Itaoza, kadada. Ukule."

"Hii ni ya kukata na mama mwenyewe," alisema Benita. "Na haiozi, Papa Anaclet. Wewe ni mtu wa Goma, unajua. Inakuwa ngumu tu."